Vijana Wanapodai Urithi Mahakamani: Tafakari kutoka Shumba, Pemba

Tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, Uholanzi, ilitoa maoni ya kisheria ambayo chimbuko lake halikuwa ikulu wala bunge. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini waliokuwa wakisoma nchini Vanuatu waliazimia kuzihimiza serikali za visiwa vyao zipeleke swali moja mahakamani: mataifa yanawajibika vipi kisheria kwa madhara ya mabadiliko ya tabianchi? Serikali ya Vanuatu ililibeba swali hilo. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaliridhia bila kulipigia kura, na hatimaye majaji wote, kwa kauli moja, wakajibu kwamba kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria, na taifa linaloukiuka laweza kudaiwa hata fidia. Maoni hayo hayamfungi mtu kama hukumu ifanyavyo, lakini tangu sasa jaji wa nchi yoyote anaweza kuyarejea.

Waamini wa visiwani tuna sababu ya kuitazama habari hii kwa makini. Shumba, katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ni kijiji cha pwani kama vilivyo vijiji vingi vya Pasifiki. Wakazi wa ukanda huu hutegemea uvuvi, kilimo na mwani. Zao la mwani, lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, limekuwa hasa mikononi mwa akina mama. Nalo ndilo linaloumizwa mapema na joto la bahari, kwa kuwa aina ile yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, haistahimili maji ya kina kifupi yanapopata moto. Katika sehemu kadhaa za Pemba maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde ya mpunga, na bamvua huja na hofu ambayo wazee hawakuizoea. Wengi wa wakazi wa Micheweni ni ndugu zetu Waislamu, na sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache. Bahari haiulizi dini ya mwenye shamba, na kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Je, ni halali kijana kuishtaki serikali yake? Wapo wanaoona kuwa huo ni utovu wa adabu. Methali yaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini Maandiko Matakatifu yanatuonyesha upande wa pili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na jamaa yote, wakadai sehemu ya urithi wa baba yao ambayo desturi iliwanyima. Hawakufanya fujo wala hawakunung'unika pembeni; walipeleka shauri lao mahali palipostahili. Musa naye hakuwafukuza, alilipeleka shauri lao mbele za Bwana. Jibu likawa kwamba wanasema kweli, na dai la watano likageuka sheria ya taifa zima. Kijana anayedai ardhi isiyomezwa na bahari naye anadai urithi.

Hayo ndiyo mafundisho ya Baba Mtakatifu Fransisko katika Waraka wake wa Kitume wa mwaka 2015, Laudato si'. Anafundisha kwamba haki kati ya vizazi ni deni, kwa maana dunia tuliyopokea ni ya wale watakaokuja pia. Na kwamba wananchi wasipoisimamia mamlaka ya kisiasa, mazingira hayatalindwa. Mahakama ni njia mojawapo ya usimamizi huo, tena ni njia ya amani.

Hata hivyo tusiwadanganye vijana kwamba mlango wa mahakama u wazi daima. Huko Uganda, mwaka 2012, watoto wanne pamoja na shirika la Greenwatch waliifungulia serikali shauri katika Mahakama Kuu ya Kampala, wakidai ilinde tabianchi kwa niaba ya kizazi chao. Pande zote zilielekezwa kwanza kwenye usuluhishi, na miaka ikapita bila hukumu. Mwaka 2020 mashirika manne ya kiraia yalipinga katika Mahakama ya Afrika Mashariki, jijini Arusha, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yaani ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Mnamo Novemba 2023 mahakama ililiondoa shauri hilo kwa kuwa lililetwa nje ya muda. Mkataba wa Jumuiya humpa mlalamikaji miezi miwili tu. Hoja za mazingira zenyewe hazikufikiwa.

Kwetu Tanzania, Katiba, katika ibara ya 26, inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuilinda Katiba na sheria. Mwaka 1991 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lugakingira, iliwapa ushindi wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, dhidi ya Halmashauri ya Jiji iliyotaka kuendelea kumwaga taka karibu na makazi yao. Jaji aliiunganisha hewa safi na haki ya kuishi. Lakini mwaka 2020 sheria inayoongoza mashauri ya haki za msingi chini ya Katiba hiyo ilirekebishwa, ikamtaka anayeshtaki aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Ni kweli kwamba Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika uliiomba mahakama hiyohiyo itoe maoni kuhusu wajibu wa mataifa ya Afrika juu ya tabianchi. Hata hivyo, kuomba maoni si sawa na mtu kufungua shauri lake mwenyewe.

Twaona kwamba kubana mlango namna hiyo kunawaumiza wanyonge, na Kanisa halina budi kulisema. Lakini katika ugumu huo limo funzo. Sheria inapodai mtu aseme, "mimi nimeumia," basi ushahidi wa kijiji kidogo una uzito kuliko hotuba za mji mkuu. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamuru sheria ya tabianchi irekebishwe kwa kuwa iliwatwika vijana mzigo wa kesho. Miongoni mwa walalamikaji walikuwamo vijana wa visiwa vya Bahari ya Kaskazini ambao mashamba na makazi yao yanatishwa na maji. Huko Montana, Marekani, vijana 16 walishinda mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha ushindi huo mwaka 2024, baada ya kueleza mbele ya jaji jinsi moshi, ukame na joto vilivyowagusa.

Vilevile ni lazima dai liwe la haki. Mchango wa Pemba katika hewa chafu ya dunia ni mdogo mno. Mataifa yaliyotajirika kwa makaa na mafuta yana deni lao, na hilo ndilo walilolitafuta wanafunzi wa Pasifiki. Kwa serikali yetu dai ni jingine: ulinzi wa mikoko, matuta ya kuzuia maji ya chumvi, utaalamu kwa wakulima wa mwani, na tahadhari kabla ya kutoa vibali vya miradi mikubwa. Kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, hoja hizo kwa Shumba zaanzia kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambayo ina Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015.

Basi tunawaomba waamini, hasa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na walezi wa vijana, wafanye kazi ambayo haihitaji wakili. Shirikianeni na majirani Waislamu na masheha kuandika tarehe ambazo bahari imeingia shambani, msimu ambao mwani umeoza, na kisima kilichogeuka chumvi. Tunzeni picha na majina ya walioshuhudia. Andikeni barua kwa mamlaka husika na mbaki na nakala, kwa maana sheria huhesabu siku. Huenda barua ikatosha, na yote yakaisha kwa mazungumzo. Hilo ni heri. Isipotosha, kijana atakayekwenda kwa hakimu asiende mikono mitupu wala peke yake, wala asiitwe mkosefu wa adabu na wale ambao urithi wao ndio anaoutetea.