Nani Alimletea Nani?

Darasani kwetu alikuja mgeni, bosi wa kampuni moja ya simu. Alitamka neno "ubunifu" mpaka nikaacha kuhesabu, lakini iliyonichoma ni sentensi moja: "Tuliwaletea wananchi huduma ya kutuma pesa." Nikanyoosha mkono, nikauliza wananchi wenyewe walichangia nini. Akatabasamu: "Waliipokea vizuri sana."

Waliipokea! Kana kwamba Bulongwa tulikuwa tumekaa tu tukisubiri kuletewa. Dada yangu aliposoma Njombe, mama alimkabidhi kondakta wa basi bahasha yenye ada, jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa, kisha akashinda na wasiwasi mpaka jioni. Baadaye ukaja ujanja wa vocha: unakwangua, unamtumia namba mwenye duka Makambako, naye anampa ndugu yako taslimu baada ya kukata chake. Hakuna mkurugenzi aliyekata utepe.

Na M-Pesa yenyewe je? Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, na lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikaliona hilo, ikageuza mpango, na Machi 2007 ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 ikavuka kuja kwetu kupitia Vodacom.

Sisemi Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom wakati huo, hakufanya kitu. Kuweka fedha za kampuni kwenye jambo lisilo na uhakika kunahitaji moyo, hiyo nampa. Lakini kauli za wakubwa haziishii jukwaani. Zinaingia kwenye ripoti ya mwaka, zinahamia magazetini, halafu zinatua kwenye tasnifu kama yangu. Katika rasimu ya sura ya 2 niliandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba "kampuni ilibuni". Wakurugenzi nimewanukuu mara 6. Wakala, hata mara moja.

Wakala wa kijijini kwetu ndiye aliyewafundisha wazee kuficha namba ya siri hata kwa wajukuu. Kwenye taarifa za kampuni yeye ni "mtandao wa usambazaji".

Sura hiyo nimeifuta. Wiki ijayo napanda basi kwenda kukaa kibandani kwake, nimuulize wateja wake wanafanya nini na simu zao ambacho makao makuu hawajakijua bado.