Turudi Shule Zikiwa Wazi

Kila Desemba wana wa Kilimanjaro humiminika Machame, Marangu na Rombo. Ni jambo jema. Kuunga udugu ni ibada. Lakini mwenye nia ya kujitolea katika shule ya kijijini kwao huikuta imefungwa, watoto wako likizo. Huacha madaftari na ahadi, akaondoka.

Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, ila kufutwa huko pekee hakumleti mwalimu wa hisabati. Basi ewe mstaafu, nawe mhitimu ungojaye ajira, afikianeni na mwalimu mkuu, mrudi Januari mfundishe muhula mzima, na mwakani tena. Mtoto huumia azoeshwapo mwalimu kisha akaachwa. Nauli yenu wailipe hao wa Desemba, wenye fedha wasio na nafasi.