"Mimi Mtu wa Sanaa" Ndiyo Nini?

Nimechoka kulisikia neno hili katika vikao vyetu vya kusomeana miswada. Mtu akitajiwa hesabu anainua mikono juu, halafu anacheka: "Aah, mimi mtu wa sanaa bwana, hayo waulizeni wenye vichwa vyao." Na sisi wote tunacheka naye. Sijawahi kuona mtu akisimama kikaoni kutangaza kwa kicheko kwamba hajui kusoma. Lakini kutojua kugawanya 7 kwa 0.02 kumekuwa pambo, kama kofia ya kuvaa upande.

Nami nilikuwa mmoja wao, tena mpiga kelele. Form Four nilitoka na F ya Hisabati na F ya Fizikia, nikajipa moyo kwamba mwandishi wa riwaya hesabu ni za nini? Na mhusika wangu mkuu ni fundi redio wa Kariakoo! Katika mswada ule anaunga waya nyekundu na nyeusi, cheche zinaruka, redio inaimba. Nilimpa fundi wa kweli asome. Akanirudishia akiuliza, "Dogo, huyu anatengeneza redio au anachoma nyumba?"

Hilo ningelivumilia. Lililonitoa jasho ni taa za shangazi.

Shangazi yangu anauza chipsi Mbagala. Ana paneli ya sola na betri ya volti 12. Nikamwambia asinunue taa, nitamtengenezea mimi. Nikanunua taa ndogo nyeupe za LED 12, nikazipanga mistari minne ya taa tatu tatu, kila mstari na rezista yake ya omu 150, kama nilivyoelekezwa kijiweni. Swichi sikuweka, uvivu tu. Usiku ule genge liling'aa, wateja wakanisifu, nikajiona nimefika. Wiki ya pili taa zikaanza kufifia. Ya tatu zikabaki mbili. Shangazi hakunigombeza, alisema tu, "Basi mwanangu, nitawasha kibatari." Afadhali angenitukana.

Nikarudi kijiweni. Jibu nililopewa: "Hizo taa feki." Nilipouliza ile 150 imetoka wapi, nikaambiwa, "Hesabu za nini? Sisi tunapima kwa jicho." Jicho! Fundi huyo amefanya kazi miaka mingi na mikono yake naiheshimu. Lakini jicho halioni mkondo wa umeme, na jicho lake haliwezi kurithiwa nami. Hesabu inarithika.

Nikaazima kitabu cha Fizikia cha mtoto wa jirani, wa Form Two. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambazo hazijaisha hadi leo. Mambo yote niliyohitaji yalikuwamo katika kurasa chache! Volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Ndiyo hiyo, Kanuni ya Ohm. Niliikariri shuleni kwa Kiingereza kama wimbo, nikaijibia mtihani, nikaikosa. Hakuna aliyeniambia kwa Kiswahili kwamba ukinzani ni kukinza, kwamba kile kidude chenye mistari ya rangi kinaukinza mkondo usipite mwingi kuliko taa inavyoweza kubeba. Tulipofika Form Three tukagawanywa, wa sanaa huku, wa sayansi kule, na sisi wa huku tukaambiwa tumepumzishwa.

La pili nililojifunza ni kwamba ukiuzunguka mzunguko mzima, volti za betri zinagawanywa zote kwa vilivyomo njiani. Taa nyeupe moja inachukua kama volti 3. Tatu zinachukua 9. Betri ni 12, kwa hiyo 3 zilizobaki ni za rezista. Taa ndogo kama zile hubeba miliampea 20, yaani ampea 0.02. Gawanya 3 kwa 0.02: unapata omu 150.

Ilikuwa sahihi! Nilikaa na daftari usiku mzima nimechanganyikiwa. (Kwanza nilikuwa nimegawanya kwa 20 badala ya 0.02, nikapata omu 0.15. Msicheke. Desimali ndizo zilizonitesa kuliko umeme wenyewe.) Hesabu inakubali, taa zimekufa. Siku ya pili mchana nikaazima mita, nikapima betri jua likiwa limesimama. Mita ikasema 14.4.

Betri iliyoandikwa 12, ikiwa inachajiwa na jua, inapanda kupita 14. Na taa zangu hazikuwa na swichi, zinawaka mchana kutwa! Toa 9 kwenye 14.4, zinabaki 5.4. Gawanya kwa 150: ampea 0.036. Karibu mara mbili ya mzigo wa taa. Hata ukikubali kwamba taa yenyewe inapandisha volti kidogo ikizidiwa, bado ni kuikaanga. Zile taa hazikuwa feki. Feki nilikuwa mimi.

Sasa kuna wenzangu watasema: mbona siku hizi simu ina programu ya kukokotoa, unaweka namba inakupa jibu? Ndugu zangu, programu ile ningeiwekea 12, maana 12 ndiyo iliyoandikwa kwenye betri. Ingenipa 150, nayo ingekuwa imehesabu bila kosa. Kugawanya mashine itakugawanyia. Ipi namba ya kuweka, na saa ngapi ya siku, hilo haikuulizi.

Nimezipanga upya mbili mbili, mistari sita, kila mmoja na rezista ya omu 390. Usiku betri ikiwa 12 zinapata miliampea 15 na kitu, mchana ikifika 14.4 zinapata kama 21 na nusu. Swichi ipo. Shangazi amezima kibatari.

Mnaosema hizi ni elimu za watoto wa mabwana, someni habari za Ohm mwenyewe. Alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli aliyejisomesha mwenyewe, akawafundisha wanawe hesabu nyumbani. Kitabu chenye kanuni ile kilitoka mwaka 1827. Na kanuni ya kugawana volti njiani ni ya Kirchhoff, aliyeitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi, miaka 21. Umri wetu huu huu wa kukaa vijiweni tukisema sisi ni watu wa sanaa.

Ukurasa ule wa fundi redio nimeuchana. Katika mpya hakuna cheche. Anakaa na kipande cha boksi la sigara, anaandika namba kwa penseli, anafuta, anaandika tena, na mteja amesimama pale akidhani anapigiwa bei. Nimeusoma kikaoni mwezi uliopita. Mmoja wetu akasema hesabu zimeniharibia hadithi. Nikamuuliza: umeelewa kwa nini taa ilikufa? Akasema ndiyo. Basi nikakaa chini.

Sasa nimekwama kwenye kapasita. Rezista ya omu 100,000 na kapasita ya maikrofaradi 100 ukizidisha unapata sekunde 10, na baada ya sekunde hizo kapasita imejaa asilimia 63. Kwa nini 63 na si 50? Wiki mbili niliumia kichwa. Imetoka kwenye moja toa moja gawanya kwa 2.718, na hiyo 2.718 nayo ina ukoo wake mrefu. Mtoto wa jirani ameingia Form Three juzi, mkondo wa sanaa. Kitabu chake cha Fizikia ameniachia.