Chema Hakijiuzi

Kuna methali moja ambayo wakati umefika tuigombe. Inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muuza samaki wa Darajani huenda ikawa kweli, maana mnunuzi anafunua shavu la samaki akaona wekundu wake mwenyewe. Kwa muziki uliorekodiwa si kweli hata kidogo. Huko kibaya kina kasha linalong'aa, kina picha ya mnazi na jahazi, kinauzwa kila pembe. Chema kimekaa kimya, na asiyejua jina lake hawezi hata kukiulizia.

Tutazame makabati ya jamaa zetu hapa Uingereza wanaoupenda muziki wa klasiki wa Ulaya. Wapo, na si wachache kama watu wanavyodhani. Muulize mmoja wao kama anayo Simfonia ya Tisa ya Beethoven, naye atakuuliza: ipi? Ile aliyoiongoza Furtwängler kule Bayreuth tarehe 29 Julai 1951, au ile ya Karajan na Berlin ya mwanzoni mwa miaka ya 1960? Mtajie Goldberg za Bach, atakwambia Glenn Gould alizirekodi mara mbili: mwaka 1955 akazimaliza kwa dakika kama 38, na mwaka 1981 akatumia dakika kama 51, na kwamba mtu mzima anatakiwa awe nazo zote mbili. Mtajie suti za selo, atakupa Casals wa 1936 hadi 1939, na akuonye mapema kwamba sahani zile zina mkwaruzo lakini uvumilie.

Hiyo ni elimu na hatuna ugomvi nayo. Anayeujua muziki wa watu kiasi hicho amewaheshimu watu hao. Ugomvi wetu unaanza pale mtu huyo huyo anapoulizwa kuhusu taarab. Hapo utamsikia: "Ah, ninayo sidi moja ya taarab, nzuri sana, sijui ni ya nani." Beethoven anamjua mpaka siku ya mwezi. Fidla ya Malindi haijui hata mpigaji.

Tunasema hivi, na tunalisema waziwazi: santuri ya taarab asilia isiyotaja nani anaimba, nani anapiga, nani katunga na lini ilirekodiwa, tusiinunue. Iwe sidi, iwe kaseti, iwe faili la kwenye simu. Hata ikiwa tamu. Hasa ikiwa tamu.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa kuwa tumeyasikia kwenye kila maulidi na kila karamu ya harusi tuliyohudhuria ugenini. Tuyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: jamani, taarab ni muziki wa harusi, msiufanye Bach. Vizuri. Mwaka 1776 kule Salzburg, familia ya Haffner iliozesha binti, na kijana mmoja aitwaye Mozart akapewa kazi ya kutunga muziki wa shughuli hiyo. Serenadi ya Haffner inapigwa mpaka leo katika kumbi ambazo watu huogopa hata kukohoa. Hakuna anayesema isihifadhiwe kwa sababu ilikuwa ya harusi. Na ukitaka nasaba, taarab inayo. Inasimuliwa Unguja kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeupeleka mji kwenye muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905. Okestra ya Simfonia ya London, hii inayojulikana dunia nzima, ilianzishwa 1904. Chama chetu kimepitwa mwaka mmoja tu na okestra hiyo, halafu mtu anakwambia ni muziki wa kupigia pilau!

Jibu la pili: rekodi za zamani zina kelele, afadhali zilizosafishwa. Hapa ndipo sisi tuliosomea uhandisi hatuwezi kunyamaza, maana neno "kusafishwa" limekuwa kichaka cha kuficha uharibifu. Mkwaruzo wa santuri umetapakaa sana kwenye masafa ya juu ya sauti. Kwenye masafa hayo hayo ndimo umo mguso wa upinde kwenye uzi wa fidla, ndimo umo ukali wa ukucha wa mpiga kanuni, na ndimo zimo herufi s na f na sh za mwimbaji. Mwenye haraka akikata kelele kwa panga, anakata na hivyo vyote. Mnalijua hilo kutokana na simu za zamani, ambazo hazikupitisha sauti zaidi ya kama hezi 3,400: mtu anasema "sisi" nawe unasikia "fisi". Sasa fikirini ushairi wa taarab, ambao umejengwa juu ya fumbo na neno moja lililopimwa, unafika sikioni pako na sisi tumekuwa fisi. Hiyo ndiyo "safi" mnayouziwa.

Tena kuna suala la mwendo. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sahani za zama zile zilizunguka kama mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 haukubeba zaidi ya kama dakika 3, kwa hiyo nyimbo zilipunguzwa zikaingia humo kama nguo za safari ndani ya mkoba. Sahani ya namna hiyo ikinakiliwa kwa mizunguko 83 badala ya 78, sauti inapanda zaidi kidogo ya nusu toni na wimbo unakimbia. Mwanamke mzima aliyeutikisa mji anageuka msichana mwenye pua iliyoziba. Msikilizaji kijana akimsikia hivyo anacheka, anazima, na hamrudii tena. Hilo si kosa la Siti wala la kijana. Ni la aliyenakili bila kupima na la aliyenunua bila kuuliza.

Kwa hiyo mkwaruzo usitutishe. Anayemvumilia Casals wa 1936 hana udhuru wa kutomvumilia Siti wa 1928.

Jibu la tatu ndilo gumu zaidi kwa sababu lina ladha ya ukarimu: ya nini kununua, njoo nikunakilie, ninayo yote kwenye kidude hichi. Sisi hatusemi kumpa ndugu ni dhambi. Lakini tuangalie kinachonakiliwa. Sidi halisi inabeba takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Faili la kilobiti 128, ambalo limezagaa, limebakiza sehemu moja katika kumi na moja. Kila mtu anapolibana tena ili liingie kwenye simu nyingine, kitu kingine kinaanguka njiani. Na cha kwanza kuanguka, kabla hata ya sauti, ni jina. Faili linaanza kama wimbo wa fulani, linaishia kama "taarab 07". Mshairi kafutwa, mpiga udi kafutwa, mwaka umefutwa. Kazi ya watu wazima ishirini imekuwa namba.

Na kuna kinachopotea kimya kimya kuliko vyote, nacho ni bashraf. Onyesho la taarab asilia linafunguliwa na ala tupu, bila mwimbaji, ili masikio yatulie na wapigaji waonyeshe walichonacho. Wenye kuuza mikusanyiko ya "nyimbo bora" huiacha bashraf kwa kuwa haina maneno ya kuchezea. Ni sawa na mtu akuuzie opera akiwa ametoa utangulizi wake wote. Kwa opera mngedai fedha zenu.

Sasa, asije mtu akasema tumekataza bila kuonyesha njia. Kazi nzuri zipo, zimeandikwa majina, na aghalabu zinapatikana kwa wauza mitumba wa santuri au kwenye mtandao kwa bei isiyozidi chakula cha mchana. Kwa zama za santuri za mwanzo, kuna mkusanyiko wa muziki wa Waswahili wa Tanzania na Kenya kuanzia miaka ya 1920 hadi 1950 uliotolewa na Topic mwaka 2007 kutoka hifadhi ya Maktaba ya Uingereza. Kwa Unguja, zitafuteni zile za Globestyle zilizorekodiwa Zanzibar mwaka 1988. Ya pili katika mfululizo huo ni ya Ikhwani Safaa, ya nne ni ya Culture Musical Club, kilichoanzishwa 1958. Halafu ichukueni ile ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara, iliyotoka Ufaransa mwaka 2005 kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa, muiweke pembeni ya ile ya 1988. Chama kimoja, miaka kumi na saba kati ya rekodi na rekodi. Sikilizeni nini kimebaki na nini kimegeuka. Huo ndio mchezo mnaoucheza na Gould wa 1955 na Gould wa 1981, na hauhitaji pasi ya kusafiria ya Kijerumani.

Kwa upande wa bara ya pwani, Zanzibara ya pili imekusanya miaka ya dhahabu ya Mombasa, 1965 hadi 1975. Na marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki 2016, ametuachia udi wake kwenye rekodi ya Globestyle ya mwaka 1990 iitwayo Mtindo wa Mombasa. Anayemsikiliza Zein baada ya kumsikiliza Ikhwani Safaa ataelewa katika robo saa kwamba taarab si kitu kimoja. Udi mmoja na dumbaki vinaweza kusema ambacho fidla kumi haziwezi, na kinyume chake pia.

Hapo tuwageukie na wale wa upande wa pili, wanaodai kila kizuri kilikufa na santuri ya mizunguko 78. Nao tunawapinga. Rajab Suleiman na kikundi chake cha Kithara wamerekodi kanuni inayostahili kabati lolote. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa santuri yake iitwayo Siti of Unguja. Mtu anaweza kuipenda au asiipende, lakini jina lipo, wapigaji wapo, na walio hai wanaweza kulipwa. Anayekusanya waliokufa tu, na kuwaacha walio hai wapige harusi mpaka vidole viishe, hajahifadhi muziki. Amehifadhi vumbi.

Kwa nini tunalipigia kelele jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu soko linasikia fedha tu. Kila tunaponunua kasha lisilo na jina, tunamwambia mwenye duka kwamba majina hayana thamani, na kesho atachapa mengine kama hayo. Na kwa sababu wanaoweza kuyarudisha majina hayo wanapungua kila msimu. Katika mji wowote wenye Waswahili, Muscat au Dubai au London, bado kuna mzee mmoja au bibi mmoja anayesikia upinde wa fidla ukianza akasema, huyu ni fulani bin fulani, na wimbo huu kautunga fulani kumjibu fulani. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu hakuna aliyeiandikia majina ya kujifunza. Mzee huyo akiondoka, kaseti inabaki na sauti, na sauti haina mwenyewe.

Watoto wetu wanaozaliwa huku wanafundishwa shuleni kuorodhesha ala za okestra na majina ya watunzi. Vizuri sana. Lakini wakirudi nyumbani wakaukuta muziki wa babu zao umewekwa kwenye faili lisilo na jina, watajifunza somo jingine bila kufundishwa: kwamba wa wenzetu wana watunzi, wa kwetu wana kelele za kupikia. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Sisi tunaongeza kwamba mbacha wenyewe lazima ujue nani kausuka.

Basi ndugu, kabla ya kutoa fedha, ulizeni mambo manne: nani anaimba, nani wanapiga, maneno ya nani, na lini. Muuzaji asiyeweza kujibu hata mawili, mwachieni mzigo wake. Na nyinyi mlio na kaseti za zamani zisizo na maandishi, msizitupe na msizibane kwenye simu kwanza. Mwiteni mzee anayezijua, mpikieni chai ya tangawizi, zipigeni mbele yake moja baada ya nyingine, na mtu mmoja akae na kalamu.