Makombe matano mfululizo hayakuiokoa Ekranas

Agosti 2012, Ekranas ilikuwa inacheza mechi za mchujo za Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Anderlecht ya Ubelgiji. Mwanzoni mwa 2015 klabu hiyo haikuwepo tena. Haikufika hata miaka mitatu. Katikati hapo haikushuka daraja wala haikufungiwa uwanja. Ilikufa kwa madeni, ikiwa na makombe kabatini.

Shabiki anayeamini kwamba timu ikibeba ubingwa mambo mengine yatajipa, akisome kisa hiki mpaka mwisho.

Ekranas inatoka Panevėžys, mji wa kaskazini mwa Lithuania, nchi yenye watu wasiofika milioni tatu. Ilianzishwa 1964, enzi za Umoja wa Kisovieti, na jina lake si la mtaa wala la mto. Kwa Kilithuania, ekranas ni skrini. Lilikuwa jina la kiwanda cha mjini hapo, kilichotengeneza vile vioo vizito vya picha vinavyokaa ndani ya TV za chogo. Kiwanda kiliajiri maelfu ya watu. Aliyetoka zamu Jumamosi alikwenda kushangilia timu yenye jina lilelile alilokuwa amelivaa kifuani kazini.

Timu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na hela. Ilitwaa ubingwa wa Lithuania ya Kisovieti 1985. Baada ya nchi kujitangazia uhuru 1990, ikabeba taji 1993, kisha 2005. Kwa timu ya mji wa mkoani, mbele ya vigogo wa Vilnius na Kaunas, hiyo si kazi ndogo.

Kisha dunia ikaacha kununua TV za chogo. Skrini bapa ziliingia sokoni, na 2006 kiwanda cha Ekranas kikafilisika. Watu wakabaki bila kazi. Mji wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua: sensa ya 1989 ilihesabu zaidi ya watu 120,000, leo hawafiki 100,000. Wengi walihamia Vilnius au nje ya nchi kutafuta riziki.

Wakati huo kila mtu angetarajia timu ife pamoja na kiwanda. Haikufa. Ikafanya kinyume kabisa. Chini ya kocha Valdas Urbonas, Ekranas ilibeba ubingwa 2008, 2009, 2010, 2011 na 2012. Mara tano mfululizo, huku geti la kiwanda kilichoipa jina limefungwa.

Ndipo wengi walipodanganyika. Makombe yale yalionekana kama ushahidi kwamba klabu imepona. Ukweli ni kwamba yaliziba ufa tu. Nchini Lithuania mfalme wa michezo ni mpira wa kikapu. Hata Panevėžys kuna Lietkabelis, timu ya kikapu iliyopewa jina la kiwanda cha nyaya za umeme, nayo inagombea mashabiki haohao na wadhamini haohao. Mapato ya mlangoni na ya runinga kwenye soka ni ya kubabaisha. Bingwa wa ligi kama hiyo anaishi kwa mdhamini, na kwa mgawo wa UEFA anaoupata akiingia kwenye mechi za mchujo za Ulaya.

Mgawo huo ni mtamu, lakini una masharti. Unaupata ukimaliza juu, na unaongezeka ukivuka raundi. Julai 2012 Ekranas iliitoa Shamrock Rovers ya Ireland kwa sare ya 0-0 ugenini na ushindi wa 2-1 nyumbani. Mji ukalala na furaha. Raundi iliyofuata ikakutana na Anderlecht: Ubelgiji ikapigwa mkono, 5-0, na nyumbani ikaongezewa bao moja juu, 6-0. Jumla 11-0. Mwaka uliofuata ikatolewa mapema na FH ya Iceland, na 2014 na Crusaders ya Ireland Kaskazini. Nyumbani nako Žalgiris ya Vilnius ilishachukua kiti cha ubingwa. Klabu inayopanga bajeti yake kwa kutegemea ushindi, ikifungwa mara mbili tatu inakuwa imekopa kwa maisha ambayo haina.

Waswahili walisema mapema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yapo maelezo mepesi kwamba mji mdogo unaopungua hauwezi kubeba timu ya Ligi Kuu. Yanaingia akilini, ila yaliyotokea yanayakataa. Mwaka uleule wa 2015 ilianzishwa klabu nyingine palepale, FK Panevėžys. Ilibeba Kombe la Lithuania 2020, kisha ubingwa wa nchi 2023. Mji ni uleule, watu ni walewale, kikapu bado kinapendwa kuliko soka. Kwa hiyo Panevėžys haikushindwa kuwa na timu. Kilichoshindwa ni klabu moja iliyozoea kushikwa na mkono mmoja, na mkono ule ulipoachia, ikautafuta mwingine badala ya kujifunza kusimama.

Wala Ekranas haikuwa peke yake. Kruoja, timu ya mji mdogo zaidi wa Pakruojis, ilimaliza ya pili kwenye ligi 2014, na 2015 ikajitoa msimu ukiendelea. Kabla yake FBK Kaunas iliing'oa Rangers ya Scotland kwenye Ligi ya Mabingwa 2008, na mwaka uliofuata haikuwa tena Ligi Kuu. Ukiona bingwa, makamu bingwa na mbabe wa Rangers wote wamepotea ndani ya miaka michache, acha kuita bahati mbaya. Huo ni mfumo.

Mashabiki wa Afrika Mashariki hawana haja ya ramani kulielewa hili. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000. Kenya, Oserian ya shamba la maua la Naivasha ilibeba ligi 2001 na 2002, kisha ikatoweka kwenye ramani ya soka la juu. Timu za kampuni si dhambi. Zimelipa mishahara kwa wakati pale ambapo klabu za wanachama zilikuwa zinapitisha kofia. Swali linabaki: siku bosi akibadilisha mawazo, au bidhaa yake ikikosa soko, nani ana funguo za klabu?

Kwa Ekranas jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Miaka michache baada ya kufa, jina lilirudi. Halikurudi Ligi Kuu. Lilirudi ligi za chini, kwenye mechi ambazo hakuna kamera ya Ulaya inayozifuata. Kiwanda hakipo, Anderlecht haiji, na mjini kuna timu nyingine yenye kombe la karibuni zaidi. Hakuna mfanyabiashara mwenye hesabu zake ambaye angechagua kulifufua jina lile. Ni watu tu ndio wanaoweza kulitaka.

Wapo watakaocheka kwamba bingwa wa mara tano mfululizo sasa anahangaika huko chini. Hawana cha kucheka. Ekranas ya leo haina makombe mapya, lakini ina kitu ambacho ile ya 2012 haikuwa na uhakika nacho: watu wanaoitaka hata isiposhinda. Hapo ndipo ingepaswa kuanzia tangu geti la kiwanda lilipofungwa 2006. Kombe ni la kubeba siku moja. Klabu inabebwa kila siku, na mikono ikiwa mingi, hata TV za chogo zikiisha dunia nzima, timu inaingia uwanjani Jumamosi.