Mwacheni Msailiwa Afikiri Kwanza

Kauli iliyonikera kuliko zote tulipokuwa tunaandaa toleo hili kuhusu usaili wa kazi za TEHAMA ni ile isemayo kwamba anayejua hababaiki. Wanaisema wakuu wa vitengo vya TEHAMA, wanaisema wahadhiri, na wanaisema hata vijana waliofaulu usaili wao juzi tu ambao leo wameketi upande wa pili wa meza. Mtu akisimama ubaoni akashindwa kuandika programu fupi mbele ya jopo, hukumu inatoka palepale: huyu hajui kazi. Makala nyingi za toleo hili zinaizunguka kauli hiyo bila kuigusa. Mimi nataka kuigusa, kwa sababu naamini si ya kweli na inatugharimu watu wazuri.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, wakiwa na mwenzao wa Microsoft, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 48. Kundi moja lilifanya swali la programu kwa namna tuliyoizoea: ubaoni, msaili amesimama karibu, na msailiwa anaeleza kwa sauti kila anachofikiri. Kundi la pili lilifanya swali la aina hiyohiyo kwenye ubao pia, ila kila mmoja aliachwa peke yake chumbani, bila wa kumtazama na bila kulazimika kusema neno. Ufaulu wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliofanya mbele ya msaili walishindwa wote, na wale walioachwa peke yao walifaulu wote. Idadi ni ndogo, na ya wanawake ni ndogo zaidi, kwa hiyo sitaki mtu ayachukue matokeo haya kama sheria. Lakini yanatosha kumnyima usingizi yeyote anayeamini kwamba mbele ya jopo ujuzi hujitokeza wenyewe.

Hayo yalitokea Marekani, ambako Kiingereza ni lugha ya darasani, ya ofisini na ya mtaani. Sisi tunaongeza mzigo juu ya mzigo. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akavuka sekondari na chuo kwa Kiingereza cha vitabuni, anaambiwa afikiri kwa sauti, kwa Kiingereza, mbele ya watu watano asiowafahamu. Hapo anatatua swali, anatafsiri kichwani, na anajihadhari asikosee sarufi akaonekana mshamba. Mwisho wa yote anapewa alama moja, kwenye safu moja ya fomu, na safu hiyo imeandikwa uwezo wa kitaaluma.

Niliwahi kuwa mjumbe wa jopo katika kampuni moja iliyokuwa inatafuta msimamizi wa seva. Asubuhi msailiwa mmoja aliulizwa kwa Kiingereza angefanya nini tovuti ya mteja ikigoma. Alijibu kwa vipande vipande, akarudia neno lilelile mara nyingi, akaishia njiani. Mchana akakalishwa mbele ya kompyuta iliyoharibiwa makusudi. Aliandika df -h, akaona sehemu moja imefika asilimia 100, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na nafsi yake, "Diski imejaa. Ngoja nione kinachokula ni nini." Akaingia /var/log, akakuta faili moja la kumbukumbu limevimba kwa sababu hakuna aliyepanga lizungushwe. Hakulifuta. Fundi aliyekaa pembeni alipomuuliza mbona halifuti, alimweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba huduma bado imelishikilia faili hilo, kwa hiyo ukilifuta jina linaondoka lakini nafasi hairudi mpaka huduma iliachie. Afadhali ukamue yaliyomo faili lenyewe libaki. Akalikamua, tovuti ikafunguka, kisha akaweka mpango wa kulizungusha kila wiki ili tatizo lisijirudie.

Maelezo yale hayapatikani kwa kukariri. Ni ya mtu aliyewahi kukesha na seva. Lakini alama za mahojiano zilikuwa zimeshajazwa asubuhi, nazo ndizo zilizobeba uzito mkubwa. Niliomba zipitiwe upya, jopo likakataa, na kazi ikaenda kwa aliyezungumza vizuri.

Huwa naambiwa kwamba mambo ya kompyuta hayaelezeki kwa Kiswahili. Bunge la Tanzania lilipitisha mwaka 2021 marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa kesi inayohusu uhai wa mtu inaweza kubishaniwa na kuamuliwa kwa Kiswahili, siioni hoja ya kukataza diski iliyojaa isielezwe kwa lugha hiyo. Na ukweli ni kwamba inaelezwa kila siku. Ingia chumba chochote cha seva Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa usikilize mafundi wanavyoitana: seva imegoma, kanzidata haisomi, nani kagusa ruta? Kazi yenyewe inafanyika kwa Kiswahili. Usaili peke yake ndio unaojifanya inafanyika kwa lugha nyingine.

Makala inayofungua toleo hili inahusu ajira za umma, na imeandikwa na mtu anayezifahamu hatua za Sekretarieti ya Ajira ya Tanzania kwa ndani: mchujo, vitendo, kisha mahojiano. Nakubaliana naye kwamba kwa nafasi za Afisa TEHAMA hatua ya vitendo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Ninachotaka msomaji asikipite ni ule mstari uliozoeleka kwenye kila tangazo, kwamba msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Mwandishi wetu anautaja mara moja na kuendelea. Mimi nauhesabu kuwa ni mtihani wa kwanza kabisa, na anayeufeli hajulikani, kwa sababu hakufika. Kupelekwa kwa usaili wa mchujo mikoani na kwenye kompyuta ni hatua nzuri, na iharakishwe.

Kutoka Nairobi tumepata makala ndefu na nzuri kuhusu vijana wanaojiandaa kwa kampuni za nje kwa kukesha na tovuti ya mazoezi ya LeetCode na kitabu cha Gayle Laakmann McDowell chenye maswali 189. Mwandishi anakumbusha kisa cha Max Howell, mtunzi wa Homebrew, aliyelalamika hadharani mwaka 2015 kwamba Google ilimkataa kwa sababu ya swali la ubaoni, ilhali wahandisi wake wengi wanatumia programu aliyoiandika. Kisa hicho kimesimuliwa mno. Chenye uzito zaidi kwangu ni kile alichokiri Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, mwaka 2013: kwamba mafumbo waliyokuwa wakiwauliza wasailiwa yalikuwa kupoteza muda, hayakutabiri chochote. Kampuni iliyosifika kwa mafumbo hayo iliyaacha. Huku kwetu bado kuna majopo yanayoyauliza kwa fahari.

Makala ya majaribio ya usaili ya kufanyia nyumbani inasema kweli kwamba mwenye watoto na umeme wa kukatika hashindani sawa na mwenye wikiendi nzima mkononi. Ile ya akili mnemba inadai teknolojia hiyo imeshaua usaili wa mbali. Isomeni, mimi sijashawishika.

Makala inayokwenda kinyume na ninavyopenda ni ile ya takwimu, na nimeiweka katikati ya toleo makusudi. Kwa miaka mingi sisi tunaotetea majaribio ya vitendo tumeegemea kazi ya watafiti Schmidt na Hunter ya mwaka 1998, iliyoyapa majaribio ya kazi halisi kipimo cha 0.54 katika kutabiri utendaji, juu ya karibu kila njia nyingine. Mwaka 2022 Sackett na wenzake walizikokotoa upya hesabu hizo na kuonyesha kwamba marekebisho ya kitakwimu ya zamani yalizikuza kupita kiasi. Majaribio ya kazi halisi yakashuka hadi 0.33. Kileleni yakakaa mahojiano yenye mpangilio, kwa 0.42. Kwa hiyo mahojiano yana nafasi yake, mradi yawe na mpangilio: maswali yaleyale kwa kila msailiwa, mwongozo wa alama ulioandikwa kabla, na kila msaili ajaze alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Majopo mengi niliyoyaona hayana hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu. Mwenyekiti anaanza, wengine wanadandia, na msailiwa wa saa tatu asubuhi anaulizwa maswali tofauti kabisa na yule wa saa tisa alasiri.

Ninachokiomba kwa majopo kinaweza kuanza kesho bila bajeti mpya. Mpeni msailiwa swali kwenye karatasi, tokeni chumbani kwa dakika ishirini, kisha rudini awaeleze alichofanya na kwa nini, kwa lugha anayoichagua mwenyewe. Najua jibu litakalokuja kwanza, kwamba wateja wetu wengine wako London au Dubai na lazima mtu awajibu kwa Kiingereza. Basi kipimeni Kiingereza. Kitajeni kwenye tangazo la kazi, kitengeeni muda wake na safu yake ya alama, ili anayekosa nafasi kwa sababu ya lugha aambiwe hivyo, asirudi nyumbani akiamini hajui kazi ambayo anaijua.