Swali Ambalo Mwali Haulizwi

Bibi harusi wa Pwani hufundwa mengi kabla hajakabidhiwa kwa mumewe. Hufundishwa kujisinga kwa liwa, kufukiza udi, kutandika, kupokea, kukanda, kukata kiuno. Anatoka ndani akijua mumewe anataka nini hata kabla mwenyewe hajatamka. Wachache sana kati ya mabibi harusi hawa ndio waliopata kuulizwa: na wewe je, unajisikiaje? Panapouma ni wapi? Kinachokuridhisha ni kipi? Toleo hili zima tumelitenga kwa maswali hayo, na hatuombi radhi kwa hilo.

Wapo watakaotuambia kwamba haya ni mambo ya wageni. Sivyo. Wazaramo, Wamakonde, Wayao na Wamakua walijua zamani kwamba mwanamke hapaswi kuachwa aufahamu mwili wake kwa kubahatisha. Walimpa somo, yaani kungwi, mtu mzima asiyekuwa mama yake, amwambie yale ambayo mama anaona haya kuyatamka. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Zanzibar ilimjua pia kwa ngoma ya unyago na kwa wari aliowacheza. Hata Mwana Kupona wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, kwa kuwa aliamini mafunzo ya ndoa hayawezi kuachiwa bahati. Wosia wake kwa sehemu kubwa ni wa kumridhisha mume. Huo ndio uliokuwa ulimwengu wake. Sisi tumeurithi wosia huo bila kuuongezea sura ya pili.

Nauheshimu unyago kuliko ninavyoiheshimu kichen pati iliyokuja kuchukua nafasi yake. Kichen pati ni jioni moja ukumbini: sare, mshereheshaji, masufuria, friji, mwali kakaa jukwaani mbele ya shangazi, mama wakwe na wafanyakazi wenzake. Nani atanyanyuka pale aseme kwamba anaogopa? Kungwi alikuwa na siku kadhaa, faragha, na ruhusa ya kutaja kila kitu kwa jina lake. Nina lawama moja kwa unyago nayo siifichi: mara nyingi umemfundisha mtoto aliyevunja ungo jana mambo ya chumbani ambayo ni ya mwanamke mzima. Mtoto wa miaka 12 anahitaji kuelewa hedhi yake, na kujua kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumgusa. Mengine yasubiri.

Sasa, mwanamke mzima aambiwe nini? Kwanza, ajue umbo lake. Hadi mwaka 1998 vitabu vingi vya udaktari vilikuwa vikichora kisimi kama kinundu kidogo tu. Mwaka huo Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa Melbourne, Australia, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya kiungo hicho imo ndani, imeukumbatia uke pande zote mbili. Ndiyo maana wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake. Hawana kasoro, wala hawajarogwa. Wanahitaji muda, mguso mahali panapostahili, na mume anayekubali kuelekezwa. Tunapochapisha jambo hili tunamfikiria hasa dada aliyekeketwa, ambaye ameambiwa kwamba raha kwake imekwisha. Hata kwake, sehemu kubwa ya kiungo hicho bado imo ndani ya mwili. Dhuluma aliyotendewa ni ya kweli, na wengine hubaki na makovu yanayohitaji tiba, lakini mlango haujafungwa.

Pili, na hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi, aambiwe kwamba maumivu ni dalili. Wanawake wetu wamefundishwa kuvumilia. Msemo wa mvumilivu hula mbivu una mahali pake, lakini chumbani penye maumivu si mahali pake. Mama anayenyonyesha huwa na upungufu wa homoni ya estrojeni, hivyo uke wake huweza kuwa mkavu. Mume asiyejua hilo humwambia amepoa, naye huamini. Mwanamke aliyefikia ukomohedhi huweza kupatwa na ukavu kwa sababu hiyo hiyo, na zipo krimu na vilainishi vya kumsaidia. Baadhi ya maambukizi huuma. Uvimbe wa kizazi unaweza kuuma, na endometriosisi pia. Kuna wanawake ambao misuli ya uke hujikaza yenyewe bila wao kutaka, wakaitwa wakaidi, kumbe hali hiyo inatibika kwa ushauri na mazoezi. Sonona hupunguza hamu, na baadhi ya dawa hupunguza hamu. Kila moja kati ya haya lina maelezo yake kliniki, lakini mgonjwa hafiki huko, maana ameshaambiwa na mashoga zake kwamba ndoa ndivyo ilivyo.

Wakati mwingine kimya hicho huua. Kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa ni moja ya dalili za saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa kawaida ugonjwa huu huchukua miaka mingi kukomaa, na mabadiliko ya awali huonekana kwa kipimo rahisi: nesi hupaka siki iliyochanganywa kwa kipimo maalumu, hutazama rangi, na mara nyingi panapobadilika hutibiwa siku hiyo hiyo. Chanjo ya virusi vinavyousababisha ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018. Tunavyo vya kujikinga navyo. Tunachokosa ni mwanamke mwenye ujasiri wa kusema mbele ya mtaalamu, "Nikikutana na mume wangu natoka damu," na mtaalamu asiyemkaripia.

Kuhusu shabu, majani na unga wa kubania uke unaouzwa kwa kunong'onezana, msimamo wetu ni mmoja: acheni. Uke una bakteria wake wa kuulinda na tindikali yake, hausafishwi kwa sabuni ndani. Ukikaushwa huchubuka, na mchubuko huwarahisishia virusi vya UKIMWI njia. Tena huo ni ukavu unaotafutwa kwa makusudi ili mwingine afurahi huku mwenyewe akiumia.

Dini haitukatazi kuzungumza. Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, alimwelekeza mume asimharakishe mkewe bali amsubiri naye atosheke. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, alitaja wajibu wa mume kwa mkewe kabla ya kutaja wa mke. Kinachotuzuia ni haya tuliyojitwisha wenyewe.

Sheria ndiyo iliyobaki nyuma. Kenya katika sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006, na Tanzania katika kanuni ya adhabu, hazimhesabu mume kuwa mbakaji wa mke anayeishi naye kwa ndoa halali. Mwanamke asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake ina thamani gani? Nawaomba wabunge wasomao ukurasa huu walijibu swali hilo.

Najua wafadhili na wizara hupenda tuzungumzie hatari tu: mimba, kaswende, UKIMWI. Lakini mwaka 2022 uchambuzi wa tafiti uliofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba mafunzo yanayogusia raha huongeza matumizi ya kondomu kuliko yale yanayoikwepa. Watu husikiliza zaidi wanapoambiwa ukweli wote.

Ndiyo maana katika kurasa zinazofuata tumewaweka pamoja makungwi na wauguzi, kila mmoja akimsahihisha mwenzake bila kumdharau. Tumewaalika wanaume pia, kwa kuwa mke peke yake hawezi kuitengeneza ndoa ya watu wawili. Msomaji, ukimaliza toleo hili lipitishe kwa mwenzako, na umwulize kungwi wa mtaa wenu kama yuko tayari kuongeza somo hili. Na kama unaumia, au unatokwa na damu isiyo ya hedhi, usingoje toleo lijalo. Nenda kituo cha afya wiki hii.